Kibodi ya vitufe 40: je, Q na X ziondolewe?

Mwandishi wa Usiku
Habari za leo, wanajukwaa. Ninasanifu kibodi yangu ya kwanza ya kimakanika kwa kujiburudisha tu: safu nne za mlalo, kila moja ikiwa na vitufe kumi vya ukubwa sawa. Kwa kuwa naandika zaidi Kiswahili, ambacho hakitumii Q wala X, nimefikiria kuzipeleka herufi hizo tabaka la pili (linalofikiwa kwa kushikilia kitufe kingine) na nafasi ya Q kuipa ritifaa, maana bila hiyo siandiki ng'ombe wala kung'aa. Je, ni uamuzi wa busara? Vilevile, Pro Micro, bodi ndogo ya kuendeshea kibodi, yenye pini 18 itatosha? Na daiodi, zile zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu, ni za lazima? Miguu 80 ya kupiga solda inanitisha.

Fundi wa Mezani
Pini zinatosha. Swichi huungwa kwa safu, si moja moja, kwa hiyo unahitaji pini 4 za mlalo na 10 za wima, na nne zinabaki. Daiodi usiziache: bila hizo, ukibonyeza kwa pamoja vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili mmoja, umeme hupita kinyume katika swichi zilizobonyezwa, na kompyuta ikaona kitufe cha nne ambacho hukukigusa. Weka daiodi moja ya aina ya 1N4148 kwa kila swichi, mistari iliyochorwa juu yake yote ielekee upande mmoja, kisha uutaje mwelekeo huo sawasawa katika QMK, programu inayowekwa ndani ya bodi. Ukiugeuza, kibodi nzima itanyamaza nawe utadhani umeiunguza.

Kalamu na Waya
Kuhusu Q na X sikubaliani nawe, ndugu. Hazimo katika maneno yetu, lakini Ctrl pamoja na X ndiyo amri ya kukata maandishi, na nywila hazifuati sarufi ya Kiswahili. Kulia kwa L katika mpangilio wa kawaida kuna nukta mkato. Hiyo ndiyo ihamie tabaka la pili, ritifaa ikae hapo chini ya kidole cha mwisho.

Mwandishi wa Usiku
Nashukuru, nukta mkato imehama. Nimechapisha mchoro kwa ukubwa halisi, milimita 19.05 kutoka kitovu hadi kitovu, nikaubandika kwenye kadibodi na kujifanya naandika. Kidole gumba kinaangukia katikati ya vitufe viwili. Je, niviunganishe kiwe kitufe kimoja kirefu cha nafasi?

Fundi wa Mezani
Kitufe chenye upana maradufu huhitaji waya wa kukisawazisha ili kisipinde kikibonyezwa pembeni, na waya huo hudai matundu yake kwenye bamba linaloshika swichi. Kwa kibodi ya kwanza, acha vyote viwili viwe vya nafasi. Bamba litabaki na matundu ya mraba ya milimita 14 pekee. Unene wake uwe milimita 1.5, ili swichi za aina ya MX zinase vizuri.