Hazina apewe mwanabenki? Kumbukeni ya Ghana

Msomaji wa Buruburu: Kila baraza la mawaziri likisukwa upya, hamkosi kusema Hazina apewe mwanabenki, mtu aliyezoea pesa, sio mwanasiasa. Mmesahau Ken Ofori-Atta wa Ghana? Alitoka Morgan Stanley na Salomon Brothers, benki kubwa za Marekani, akarudi Accra, na mwaka 1990 akaanzisha Databank, kampuni ya uwekezaji, na wenzake. 2017 akapewa wizara ya fedha. Desemba 2022 Ghana ikasimamisha kulipa sehemu kubwa ya deni la nje. Haya, semeni.

Kasuku wa Rongai: Korona na vita vya Ukraine alivileta yeye? Mwanabenki angalau anajua soko. Ukimweka mhasibu pale atashinda akitafuta risiti ya chai.

CPA Donholm: Mhasibu amekukosea nini wewe? Wanaoogopa risiti tunawajua. Na John Mbadi wetu wa Kenya ni mhasibu, alipewa Hazina Agosti 2024, nchi bado ipo.

Kasuku wa Rongai: Nchi ipo, payslip yangu ndiyo haipo.

CPA Donholm: Usiruke. Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5, riba zaidi ya asilimia 9, ili tulipe Eurobond ya 2014, yaani deni la dola tulilokopa kwenye soko la nje. Waziri alikuwa nani? Njuguna Ndung'u, gavana wa zamani wa Benki Kuu. Mhasibu hakuwepo.

Kasuku wa Rongai: Gavana si mwanabenki, ni profesa wa uchumi. Hata kusoma CV ni lazima tuwalipe CPA?

Dada wa Kayole: Mnapigania vyeo tu. Huyo wa Ghana ndiye aliyeleta tozo ya asilimia 1.5 kwa pesa za simu, Mei 2022. Sawa tu na ya M-Pesa yetu.

Msomaji wa Buruburu: Si sawa, dadangu. Yetu hukatwa kwenye ada ya kutuma, ile yao ilikata pesa yenyewe unayotuma. Ukituma elfu kumi, kama mia na hamsini ilikuwa imeenda kabla hujahesabu ada.

Dada wa Kayole: Basi afadhali wezi wetu.

Mzee wa Kahawa West: Vijana, kilichonikera ni wastaafu. Serikali ya Ghana ilitaka wenye bondi, yaani walioikopesha, wakubali mpya, riba ndogo, miaka mingi. Februari 2023 wazee walisimama nje ya wizara Accra na mabango, hata aliyekuwa Jaji Mkuu, Sophia Akuffo, akajiunga nao. Jaji Mkuu mzima, juani! Na rais wa wakati huo, Akufo-Addo, ni binamu ya waziri huyo, na Databank ikiendelea kupata kazi kwenye mauzo ya bondi za serikali.

CPA Donholm: Asante mzee. Hapo ndipo risiti ya chai ingesaidia.

Kasuku wa Rongai: Bunge lao lilijaribu kumng'oa likashindwa. IMF nayo ikawapa dola bilioni 4. Angekuwa mbovu wangempa?

Msomaji wa Buruburu: Ni bilioni 3, Mei 2023. Na kura za kumng'oa zilikuwa 136, zikihitajika theluthi mbili ya wabunge wote, kwa sababu upande wa serikali ulitoka nje. Huko si kusafishwa.

Dada wa Kayole: Mzee wa Kahawa, umenitia tumbo joto. Mimi nina bondi ya serikali yetu, ya miaka kumi. Niuze?

Mzee wa Kahawa West: Mama, pesa zangu ziko SACCO tu. Waulize hawa wasomi.

Kasuku wa Rongai: Usiuze.

CPA Donholm: Kwanza tuambie ulinunua riba ngapi.