Mjadala: Bungua wa kijani ameshaenea Marekani. Marufuku ya kusafirisha kuni ibaki au ifutwe?

Mleta mada
Tarehe 14 Januari 2021 serikali ya shirikisho ya Marekani iliondoa karantini ya bungua wa kijani (Agrilus planipennis), mdudu kutoka Asia Mashariki anayeua miti ya eshi (ash), miti ya mbao ngumu ya nchi za baridi. Kabla ya hapo kuni za miti ya majani mapana hazikutoka kwenye eneo la karantini bila cheti. Hoja ya kuiondoa: mdudu ameshafika majimbo 35, kwa hiyo nguvu ielekezwe kwenye nyigu wadogo wanaoshambulia mayai na mabuu yake. Majimbo kadhaa yamebaki na sheria zake. New York, kuni ambazo hazijatibiwa kwa joto tanurini hazivuki maili 50 (kama kilomita 80) kutoka zilipokatwa, na za aina hiyo kutoka nje ya jimbo haziingii kabisa. Waswahili walioko huko hupakia kuni kwenye buti kwenda kuchoma nyama ziwani, kwa hiyo jambo hili linawahusu. Sheria hizi bado zina kazi?

Mtunza Miti
Zina kazi, na zibaki. Chukua gogo la eshi lililokatwa Februari. Kwa nje unaweza usione kitu. Bandua gome kwa patasi: utakuta vijia vimejipinda kama nyoka, vimejaa unga uliokandamizwa, na mwisho wa kijia kuna buu bapa, rangi ya maziwa, mwili wake vipande vipande kama kengele zilizopangwa. Kuchanja gogo hakumuui. Mei au Juni anatoka akiwa mdudu kamili kupitia tundu la milimita 3 hadi 4 lenye umbo la herufi D, na wengine hutoka kiangazi cha pili. Ndiyo maana "nimezianika mwaka mzima" si kinga.

Mdudu huyu alitambuliwa karibu na Detroit mwaka 2002, ingawa pete za miti zilionyesha alikuwepo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2013 akaonekana Boulder, Colorado. Juni 2022, Oregon. Kuvuka tambarare zile si safari ya mabawa.

Muuza Kuni
Mkuu, kuhusu buu sina ubishi. Ubishi wangu ni maili 50. Mtu anaweza kutoa kuni kaunti yenye mdudu akazipeleka kaunti safi iliyo maili 40, na karatasi zake zikawa sawa. Mwingine anapeleka maili 60, kutoka kaunti iliyooza kwenda kaunti iliyooza, huyo ndiye mkosaji. Mpaka ungefuata ramani ya mdudu. Halafu tanuri ni mtaji mkubwa kwa anayeuza rundo moja moja. Na yule mdudu-taa mwenye madoa (Lycorma delicatula), aliyeonekana Pennsylvania mwaka 2014, anataga hata kwenye jiwe na ubavu wa trela. Kwa nini kuni tu?

Fundi Tanuri
Kuhusu tanuri niseme kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wanapoharibu.

Kipimo cha shirikisho kwa bungua huyu kilikuwa nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 60. New York wanataka 71 kwa dakika 75. Joto hilo ni la kiini cha gogo, si la hewa. Chagua vipande vinene kuliko vyote, uviweke pale penye ubaridi zaidi, kwa kawaida karibu na mlango au chini katikati ya rundo. Toboa kutoka kwenye kichwa cha gogo hadi ndani, ingiza waya wa kipimo, kisha ziba tundu kwa putti (lami laini ya kuzibia nyufa). Usipoziba, hewa ya moto inaingia na kipimo kinakudanganya. Dakika zinaanza kuhesabiwa pale kipimo cha baridi kuliko vyote kinapofika joto linalotakiwa.

Kuni zilizopangwa kwa kubanana hazipitishi hewa. Tumia vizimba vya wavu na uache nafasi kati ya safu. Wakati wa baridi kali kadiria saa nyingi zaidi, kwa sababu joto la mwanzo linaishia kuyeyusha barafu iliyo ndani ya mti.

Tena, "zimekaushwa tanurini" na "zimetibiwa kwa joto" ni mambo mawili. Ukikausha kwa nyuzi 45 utashusha unyevu hadi asilimia 20, moto utawaka vizuri, na kipimo cha kuua mabuu hujakifikia. Mnunuzi aangalie lebo inasema nini.

Mtunza Miti
Asante, fundi. Muuza Kuni, kuhusu jiwe na trela: Pennsylvania imeviweka kwenye karantini ya mdudu-taa, na biashara zinazosafirisha vitu ndani ya eneo la karantini zinatakiwa kuwa na kibali. Na asiye na tanuri alikuwa na njia nyingine chini ya kanuni za shirikisho: kuondoa gome pamoja na sentimita 1.27 ya mti chini yake. Kazi ngumu kwa kuni, nakubali.

Ila usipime sheria kwa bungua wa kijani peke yake. Mbawakawa wa Asia mwenye pembe ndefu alionekana Chicago mwaka 1998. Miti yenye wadudu ilikatwa, mbao na kuni zikazuiwa kutoka, na mwaka 2008 ikatangazwa ametokomezwa huko. Mwaka huo huo akagunduliwa Worcester, Massachusetts, ambako miti zaidi ya 30,000 imeshaondolewa. Sheria ya kuni inamsubiri mdudu anayefuata, yule ambaye bado hajapewa jina kwenye ramani.

Mkulima wa Tabora
Huku tunalijua somo hili kupitia dumuzi, yule watu walimpa jina la Skania. Aliingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akala mahindi na mihogo mikavu, na anaishi hata kwenye miti mikavu. Lakini nyigu wa mikaratusi, aliyeonekana Kenya mwaka 2002, husafiri na miche. Ukizuia kuni kwa ajili yake umefunga dirisha, mlango uko wazi.

Muuza Kuni
Hapo tumeelewana. Mpaka ufuate kaunti zenye mdudu, na jimbo lijenge tanuri la pamoja tulipie kwa mzigo. Bila hivyo naendelea kupinga.

Mleta mada
Na aliyekwisha kufika kambini na kuni za mbali?

Fundi Tanuri
Asirudi nazo, wala asimwachie jirani. Azichome zote usiku huo huo, kisha afagie buti na kumwaga maganda yote motoni.