Paka ana mabaka yasiyo na manyoya, na mtoto ametokwa na duara shingoni

Swali
Habari zenu. Paka wetu mdogo amenyonyoka manyoya masikioni na mguuni, na ngozi iliyobaki wazi ina magamba yanayopukutika ukiyagusa, ingawa hajikuni sana. Sasa mwanangu ametokwa na duara jekundu shingoni. Paka wetu wa pili anaonekana mzima. Je, nimtenge mgonjwa peke yake, na naweza kumpaka krimu yetu ya fangasi?

Jibu la kwanza
Poleni sana. Dalili hizo zinafanana na choa, ambacho kwa paka husababishwa zaidi na fangasi aitwaye Microsporum canis, lakini utitiri na mzio pia hunyonyoa manyoya, kwa hiyo daktari wa mifugo achukue nywele na magamba yapelekwe maabara kuona kama fangasi wataota. Paka wa pili naye apimwe, kwani anaweza kubeba vimelea bila kuonyesha alama yoyote. Krimu usimpake kwa kubahatisha, maana atailamba. Kwa kawaida daktari huagiza dawa ya kumeza, kama vile itrakonazoli, pamoja na kumwogesha kwa dawa ya fangasi mara mbili kwa wiki. Mwanao apelekwe hospitali.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu nyumba, kwa sababu vimelea hukaa kwenye nywele zilizodondoka na vinaweza kudumu zaidi ya mwaka mmoja. Ondoeni kwanza nywele zote kwenye viti, mapazia na matandiko, sugueni kwa maji na sabuni, ndipo mpake klorini iliyozimuliwa kwenye sakafu, kwa kuwa klorini haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu; kwenye mwili wa paka isiguse kabisa. Mgonjwa akae katika chumba kisicho na zulia, lakini nakusihi asisahaulike humo: paka mdogo anahitaji kuchezewa kila siku, basi mtu mzima mmoja avae glavu na nguo za kazi hiyo pekee.

Aliyeuliza
Nashukuru sana. Atatolewa lini?

Jibu la kwanza
Msitegemee manyoya kuota, kwa kuwa huota kabla vimelea havijaisha. Endeleeni na dawa hadi daktari athibitishe kwa vipimo vya maabara, na wengi hutaka viwili mfululizo visivyoonyesha fangasi.