AC inverta, AC ya kawaida au nibaki na feni? Naishi ghorofani, umeme unanimaliza

Jasho_la_Dar: Wakuu salaam. Nimepanga ghorofani hapa Dar. Joto la Desemba mpaka Machi mnalijua, safari hii nataka linikute nimejipanga. Hela niliyonayo inatosha AC ya kawaida ya BTU 12,000 (nguvu yake ya kupoza), au nijikaze nichukue inverta, ile inayojipunguzia mwendo yenyewe. Mke wangu anasema tufunge feni nzuri ya dari, tuachane na mengine. Umeme tayari unaniumiza, na hata bila habari ya hela sipendi nyumba inayofuja nishati. Kipi bora? Nanunua wiki hii. Nawasilisha.

FundiBaridi: Mkuu, umeleta swali nusu. Ghorofa ya ngapi? Ni ya juu kabisa? Chumba kina ukubwa gani? Dirisha linatazama wapi? LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni yako mwenyewe au mnachangia na majirani? Bila hayo utajibiwa kwa ushabiki tu.

Kichwa_Ngumu: Inverta. Funga uzi.

Shangazi_wa_Kinondoni: Na mwenye nyumba amekubali ukuta utobolewe? Siku ya kuhama ndipo mnaanza kutafutana. Uliza kwanza, mwanangu, tena akuandikie.

Mpiga_Hesabu: Tariffu ya kawaida ya nyumbani, T1, ni sh 292 kwa uniti. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1, unafika kama 356. Sasa usiku mmoja wa saa nane: AC ya kawaida ya BTU 12,000 ikiwaka inavuta takriban kilowati 1.1, lakini kompresa inawaka na kuzima, tuseme uniti 6. Hiyo ni sh 2,100 na kitu. Inverta chumba kikishapoa inapunguza mwendo, tuseme uniti 4, yaani 1,400 na kitu. Feni ya wati 60 haifiki hata nusu uniti, sh 170 hivi. Tofauti ya AC hizo mbili ni kama 700 kwa usiku, 21,000 kwa mwezi. Piga mwenyewe ujue nyongeza ya bei ya inverta itarudi lini. Kwa anayewasha miezi minne tu kwa mwaka, hairudi haraka kama wauzaji wanavyosema.

Kichwa_Ngumu: Hiyo hesabu ni ya mtu anayelala saa nane. Wengine AC inawaka tangu mpira wa jioni.

BintiUpanga: Naomba niongee, maana mimi yamenikuta. Nilinunua inverta ya mtumba, muuzaji ananiambia imetoka Dubai, safi kabisa. Fundi aliyekuja nayo akafunga siku hiyohiyo. Mwezi wa kwanza raha mustarehe. Wa pili baridi likapungua, akaja "kuongeza gesi". Hakuuliza mashine inatumia gesi gani, wala hakutafuta inapovujia. Alichomeka tu mtungi aliokuja nao na kuondoka na hela yake. Ikapoa wiki chache, ikafa tena. Akaja mwingine, huyu akasoma kibandiko cha nje: R410A. Iliyowekwa ni R22, gesi nyingine kabisa! Gesi yote ikabidi itolewe, bomba zisafishwe, na pale palipounganishwa vibaya paunganishwe upya. Kabla sijamaliza kulipa hilo, umeme ukayumba usiku mmoja, bodi ya inverta ikaungua. Bei ya bodi ilikaribia bei ya AC mpya ya kawaida. Na wakati huohuo bomba la maji limeelekezwa kwenye balkoni ya jirani wa chini, kila asubuhi nagongewa mlango, mama wa watu nguo zake zimelowa. Leo natumia feni na nalala kama mtoto. Mtu asinitajie inverta.

FundiBaridi: Pole dada, lakini hapo umeonewa na fundi, usiisingizie inverta. Inverta mpya, gesi R32, kifaa cha kulinda umeme, fundi anayevuta hewa kwenye bomba kwa pampu kabla ya kufungulia gesi: inakaa miaka. Anayefungua gesi "ipulize hewa" itoke, mfukuze.

BintiUpanga: Na huyo fundi wa kwenye maelezo yako anapatikana mtaa gani? 😂

Mvita_Asilia: Nawasoma kutoka Mombasa nikicheka. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe na chokaa, dari juu kule, madirisha ya mbao unayafungua utakavyo. Jua la saa saba lapiga nje, ndani mwakaa. Leo twajenga tofali la saruji jembamba, twaweka dirisha la kioo la kusukuma ambalo likifunguka ni nusu tu, kisha twauliza AC gani.

Kichwa_Ngumu: Kaka, jamaa amepanga, hajengi. Avunje ukuta wa mwenye nyumba?

Mvita_Asilia: Asivunje. Aning'inize chiki, pazia la vijiti, nje ya dirisha. Jua ulizuie kabla halijagusa kioo. Likishaingia, pazia lako la ndani lafunika joto lililokwisha kukaa.

Jasho_la_Dar: Asanteni wakuu. Ni ghorofa ya nne, ndiyo ya mwisho, juu yetu ni zege. Dirisha la chumbani linapigwa na jua la jioni. LUKU ni yetu wenyewe. Kwa mwezi tunanunua kama laki na ishirini. Ukubwa wa chumba sijapima.

Mpiga_Hesabu: Subiri. Laki na ishirini BILA AC? Hizo ni zaidi ya uniti 330! Kuna kitu kinakula umeme humo ndani na umekificha. Taja vyote.

Jasho_la_Dar: Sijaficha mkuu 😅 Friji, TV, pasi, jiko la umeme mara mojamoja, na hita ya kuogea. Tuko sita.

Mpiga_Hesabu: Hita ya papo kwa papo? Nyingi zina wati kuanzia 3,500 mpaka 5,500. Ya 5,500, mtu akioga dakika kumi ni karibu uniti 0.9. Watu sita, asubuhi na jioni, ni uniti 11 kwa siku. Yaani mmeshawasha AC mbili za kawaida, tena bafuni.

Shangazi_wa_Kinondoni: Maji ya moto Dar, Februari! Watoto wa siku hizi.

FundiBaridi: Friji nayo iangalie. Banisha noti mlangoni, ukiivuta ikitoka bila kukaza, mpira umechoka. Na zege la juu ndilo linalowapikia usiku, linakusanya jua mchana kutwa. Mwenye nyumba akikubali lipakwe rangi nyeupe ya kuakisi jua, AC yoyote utakayoweka itapumua.

SolaKwanza: Mbona hakuna anayetaja sola? Paneli mbili kwenye balkoni.

FundiBaridi: Zitaendesha feni na taa. AC ya usiku zitaipa nini?

Mama_Pishi: Hilo jiko la umeme ni la koili? Uza. Chukua sufuria ya presha ya umeme, maharage yanaiva uniti moja haijaisha. Serikali yenyewe imeweka lengo la asilimia 80 wapikie nishati safi ifikapo 2034.

Kichwa_Ngumu: Chapati utapika kwenye presha? Gesi ndiyo mpango mzima.

Mama_Pishi: Chapati ni Jumapili. Maharage ni kila siku.

Wa_Ground_Floor: Naomba kuuliza hapohapo. Sisi LUKU ya pampu ya maji tunachangia sawa jengo zima, kila familia sh 10,000. Mimi niko chini, maji yananifikia bila pampu. Kwa nini nilipe?

Shangazi_wa_Kinondoni: Taa za ngazi je, zinawaka kwa umeme upi?

Wa_Ground_Floor: Ngazi sipandi, Shangazi.

Jasho_la_Dar: Hita nimeizima tangu jana, nyumba nzima imeninunia. AC naisogeza mbele mpaka nione LUKU ya mwezi huu. Feni ya dari, inchi 48 au 56 kwa chumba changu?

FundiBaridi: Pima chumba kwanza, mkuu.

Wa_Ground_Floor: Na la pampu mnaniacha hivihivi?