Naomba ushauri: namna ya kuhamasisha nepi za vitambaa mtaani

Wazazi wenzangu, naomba ushauri wenu. Hapa Temeke, Dar es Salaam, mimi na kina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tunataka kuwahamasisha wazazi wapya watumie nepi za vitambaa, kwa kuwa pampasi zinamaliza fedha za familia na nyingi huishia mitaroni, zikazuia maji ya mvua. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 haikuzigusa, ingawa nazo zina plastiki.

Kikwazo kikubwa ni ufuaji. Mama anayenunua maji kwa ndoo na kuishi chumba kimoja atazikaushaje wakati wa masika? Tunaeleza kwamba kinyesi kitupwe chooni kwanza, nepi zifuliwe kwa sabuni, zisuuzwe vizuri na kuanikwa juani, na kwamba dawa ya kulainisha nguo hupunguza uwezo wa kitambaa kunyonya. Lakini maelezo hayo hayawafikii akina baba, ambao mara nyingi ndio wanaotoa fedha.

Je, tuanzie kliniki siku za kupima watoto uzito, au kwa mafundi cherehani wa mtaani? Na je, inafaa kuwaazima wazazi nepi chache za majaribio, au watahofia usafi wake?