Mrejesho: begi lililokuwa likinivuta nyuma

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini begi la kilo 12 linaniua mabega wakati mwenzangu anabeba kilo hizohizo huku anapiga stori. Mkanijibu: nguo chini, maji na chakula katikati, viegemee mgongo. Kumbe mimi chupa zote za maji nilikuwa nazijaza mfuko wa nje kabisa. Zilikuwa zinanivuta nyuma, nami nainama kama natafuta sarafu iliyodondoka.

Jumamosi nimepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Uzito uleule, ila nimepanga mlivyosema. Mkanda wa kiunoni nikaukaza juu ya nyonga (kumbe si pambo!), mabega yakapumua. Kwenye mizizi iliyolowa sikuyumba hata kidogo. Magoti tu ndiyo yalilalamika wakati wa kushuka.