Lucy Bronze na ufa wa muundi: tumpigie makofi au tunyamaze?

NambaMbili (mleta mada)
Wakuu, naleta hoja na najua nitapigwa mawe. Tarehe 27 Julai 2025, pale Basel, England wametoka kuwatoa Hispania kwa penalti 3-1 baada ya sare ya 1-1 na kulitetea Kombe la Ulaya la wanawake. Beki wao wa kulia, Lucy Bronze, anasimama mbele ya kamera, kwa sauti ya mtu anayeeleza alichokula mchana, anasema mashindano yote amecheza na ufa kwenye mfupa wa muundi. Mechi sita! Toka siku hiyo ni simba jike, chuma cha pua, mwanamke wa shoka.

Mimi nasema hatukupaswa kushangilia. Mwenyewe nacheza namba mbili mchangani (msicheke), na huyu dada ndiye beki wa kulia niliyemwangalia kuliko wote. Lakini kuna binti wa miaka 15 anayeumwa muundi tangu wiki iliyopita, na kocha wake sasa amepata mfano wa kumfungia mdomo.

Mzee wa Jukwaani
Kijana, ile robo fainali na Sweden uliiona au ulisimuliwa? England wako nyuma 2-0. Dakika ya 79 nani kapiga kichwa ikawa 2-1? Bronze. Dakika mbili mbele mshambuliaji wao Agyemang kasawazisha. Kwenye mikwaju, 14 imepigwa, tisa imepotea, watu miguu inatetemeka. Nani kafunga ule wa tatu ulioamua? Huyohuyo ambaye muda mfupi nyuma alikuwa amekaa nyasini anajifunga mguu mwenyewe. Kocha akimtoa siku ile, England wanarudi kwao. Beckenbauer wa Ujerumani Magharibi, Kombe la Dunia mwaka 1970, alicheza nusu fainali na Italia bega limeteguka, mkono umefungwa kifuani, na hakuna aliyesema anapotosha vijana.

Kitabibu Zaidi
Nafanya kazi ya mazoezi tiba, niseme kidogo. Watu wanasikia "mfupa umevunjika" wanawaza vipande viwili. Huu ni ufa unaotokana na mfupa kubebeshwa mzigo uleule maelfu ya mara bila kupumzishwa. Na muundi haufanani kote. Ufa wa upande wa ndani nyuma kwa kawaida hupona vizuri mtu akipumzika. Ule wa mbele, damu inafika hapo kwa shida, unaweza kukaa miezi na ukaja kukatika kabisa uwanjani. Ndiyo maana bila picha ya mfupa huwezi kusema huyu acheze, huyu akae. Bronze alipigwa picha, alikuwa na madaktari, alipimiwa mazoezi. Alikuwa na miaka 33 na magoti yaliyokwisha kupasuliwa mara kadhaa, mwili wake anaujua.

Jambo lisilosemwa: binti anayekimbia sana na kula kidogo, hedhi ikikata, mifupa inadhoofika, na ufa wa namna hii unamnyemelea mapema. Wengi wanadhani hedhi kukata ni dalili kwamba mazoezi yamekolea. Sivyo. Ni kengele.

Mzee wa Jukwaani
Basi daktari umenisaidia. Alipimwa, ni mtu mzima, aliamua. Tatizo liko wapi?

Dada wa Kigoma
Shikamoo mzee. Tatizo liko hapa. Huyu mwanamke ana Ligi ya Mabingwa Ulaya tano, tatu na Lyon, mbili na Barcelona. Mwaka 2020 alikuwa mchezaji bora wa kike wa FIFA, beki wa kwanza kuichukua tuzo hiyo. 2019 alikuwa wa pili kwenye Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora wa dunia, nyuma ya Rapinoe wa Marekani, na Ballon d'Or ya wanawake toka ianze 2018 haijawahi kwenda kwa beki. Akiwa na miaka 12 sheria za chama cha soka cha kwao zilimtoa kwenye timu aliyocheza na wavulana. Alifanya kazi kwenye duka la pitsa huku akicheza mpira. Haya yote, mtaani kwangu nani alikuwa anayajua? Ila mguu umepasuka, hata mama muuza vitumbua ananiuliza habari zake.

Mshambuliaji anakumbukwa kwa bao. Beki mpaka avuje damu. Yule beki wa England, Terry Butcher wa 1989, picha anayokumbukwa nayo ni bandeji kichwani na jezi nyeupe iliyogeuka nyekundu. Mashambulizi aliyozima hayana picha.

NambaMbili
Dada, hapo umeniwahi. Nikubali pia kwamba Bronze simlaumu yeye. Kama aliulizwa akiwa na picha mkononi akasema nacheza, ni haki yake. Ninachokataa ni sisi kuigeuza kuwa kipimo. Mwaka niliokuwa kidato cha tatu, kwenye mashindano ya shule, dada yangu alimwambia kocha mguu unamuuma. Akaambiwa jikaze, usilete mambo ya kike. Hakuna picha, hakuna daktari, ni maji ya moto na chumvi. Alicheza siku tatu. Leo ni mama wa watoto wawili na akipanda ngazi anashika ukuta. Hakuna aliyemuita simba.

Kitabibu Zaidi
Pole kwake. Akiweza apigwe picha hata sasa, muda haujapita.

Mzee wa Jukwaani
Pole sana, mwanangu. Kwa dada yako sina la kujibu, na huyo kocha angekuwa mbele yangu ningemwambia maneno. Lakini ile ya Sweden, nikiwa mimi kocha, simtoi.

Dada wa Kigoma
Mzee, na yeye akisema nitoe?